Kiti na Saa: Kupima Nguvu za Anayesafishwa Damu

Anayesafishwa damu hupimwa uzito mara mbili siku hiyohiyo: kabla ya kuunganishwa na mashine, na baada ya kuachishwa. Tofauti ya vipimo hivyo humwonyesha muuguzi maji yaliyotoka. Kwa maji, mzani ni shahidi mzuri. Kwa misuli, hauaminiki. Mtu akipoteza kilo tatu za nyama ya mapaja huku akibeba kilo tatu za maji, mshale hausogei. Atakayegundua ni mkewe, anayemwona akishika ukuta ili ainuke.

Misuli hupungua kwa sababu nyingi zinazosaidiana. Figo zikishindwa, asidi hubaki mwilini na kuuchochea uvunje protini yake wenyewe. Hamu ya chakula hukatika, damu hupungua, na kila kipindi cha kusafishwa huondoa takriban gramu 6 hadi 12 za asidi amino, ambazo ndizo malighafi ya misuli. Juu ya hayo kuna kukaa tu. Tangu mpango wa serikali wa mwaka 2015 wa kuzipa hospitali za kaunti vifaa, wagonjwa wengi wa Kenya hawahitaji tena kuhamia Nairobi. Hata hivyo, kaunti kama Isiolo, kaskazini mwa nchi, ni pana. Anayetoka Merti au Garbatulla hutumia saa nyingi garini, kisha saa nne hivi kwenye mashine, na kesho yake hulala kwa uchovu. Mara mbili kwa wiki, wiki baada ya wiki, miguu haipati kazi.

Hata vipimo vya damu vinaweza kupotosha. Kreatinini, ile namba ambayo kila familia yenye mgonjwa wa figo huijua kwa kichwa, hutengenezwa na misuli. Ikishuka polepole kwa mtu aliyekwisha kuzoea mashine, watu hushangilia kwamba figo zinarudi. Mara nyingi maana yake ni kwamba misuli inayoitengeneza imepungua.

Basi tupime nguvu yenyewe. Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kinahitaji kiti kigumu kisicho na mikono, kilichoegemezwa ukutani, na saa ya simu. Mgonjwa hukunja mikono kifuani, husimama wima kabisa, hukaa, na kurudia mpaka atimize mara tano. Wataalamu wa Ulaya waliokubaliana viwango mwaka 2018 walisema kupita sekunde 15 ni dalili ya udhaifu. Kiti kiwe kilekile kila mara, chenye kimo cha kawaida cha kiti cha mezani; kigoda cha jikoni ni kifupi na humwonea mtu. Kabla ya kufika kwenye kiti, watu wa Isiolo wana dalili yao: mzee aliyekuwa akiinuka kutoka sijda bila taabu ameanza kuweka mkono chini, au ameomba kuswali ameketi. Muuguzi akiuliza kuhusu hilo tu atajua mengi.

Mshiko wa mkono hupimwa kwa kifaa kinachobanwa na kuonyesha kilo. Wataalamu haohao waliweka mpaka wa kilo 27 kwa wanaume na 16 kwa wanawake. Mipaka hiyo ilitokana na vipimo vya Waingereza, na mfugaji mrefu mwembamba wa Kiborana wa Isiolo hakuwemo. Kwa hiyo namshauri tabibu amlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita. Mkono wenye fistula, yaani mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya mashine, usibane kifaa. Tumia wa pili.

Saa ya kupima ina uzito. Mara baada ya mashine, shinikizo la damu aghalabu huwa limeshuka na miguu inatetemeka. Ukipima hapo, umepima uchovu. Pima kabla ya kuunganishwa, au siku isiyo ya mashine, asubuhi kabla jua la Isiolo halijachoma. Mwenye maumivu ya kifua, anayehema au aliyevimba asipimwe. Na aliyekosa vipindi kisha miguu ikalegea ghafla asiambiwe asimame na kukaa: huenda potasiamu imepanda, nayo inaweza kuusimamisha moyo. Huyo akimbizwe hospitali.

Je, nguvu iliyopotea hurudi? Kwa kiasi, ndiyo. Nchini Italia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa waliopewa ratiba ya kutembea nyumbani kwa miezi sita walipandisha umbali wanaotembea kwa dakika sita kutoka wastani wa mita 328 hadi 367. Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, waliofanya mazoezi wakiwa kwenye mashine kwa mwaka mmoja waliongeza idadi ya kuinuka kitini kwa dakika moja kutoka takriban 16 hadi 19. Wenzao wasiofanya walishuka. Hakuna dawa ya ajabu hapo, ni kazi ya kila wiki.

Kama una mgonjwa nyumbani, mweleze muuguzi kwamba unataka kumpima, na akikubali anza mwezi huu. Simama karibu naye asianguke, andika tarehe na sekunde kwenye daftari, rudia kila mwezi kwa kiti kilekile, na siku ya kliniki umpe daktari daftari hilo kabla hajaanza kusoma majibu ya damu.