Mashambulizi ya Kikosi Pungufu

Mfumo wa kushambulia huchaguliwa kwa kuangalia wachezaji waliopo, si wale ambao kocha angetamani kuwa nao. Mwaka 2010 TP Mazembe ya Lubumbashi ilimkosa nyota wake, Trésor Mputu, aliyefungiwa na FIFA mwaka mzima. Kwenye Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi, kocha Lamine N'Diaye alitegemea ulinzi wa pamoja, mikono ya kipa Robert Kidiaba na mbio za washambuliaji. Pachuca ya Meksiko ililala 1-0. Internacional ya Brazili, bingwa wa Amerika Kusini, ikafungwa 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika fainali hiyo, na heshima hiyo ni ya haki kabisa, ingawa Inter Milan ilishinda 3-0.

Futiboli ya Kimarekani ina mfano ulio wazi zaidi. Navy, timu ya chuo cha wanamaji, haikushinda mechi hata moja mwaka 2001. Wachezaji wake wa mbele walikuwa wepesi mno kuyasukuma majitu ya vyuo vikubwa. Kocha Paul Johnson aliweka mfumo wa kukimbia na mpira: mlinzi mmoja huachwa makusudi bila kuzuiwa, na kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, humtazama. Mlinzi akimvamia mkimbiaji wa kati, kwotabeki hubaki na mpira. Akimfuata kwotabeki, mpira humwendea mkimbiaji huyo. Kujifunza kulichukua muda: ushindi 2 mwaka 2002, kisha 8 mwaka 2003.