Mzee Hakukataa Kuokolewa

Kila masika yakikolea, maneno huanza. Wakisii wakaidi, wakiambiwa wahame bondeni hawahami, wakiambiwa washuke mlimani hawashuki. Mwaka 2024, mvua za Machi hadi Mei zilipoua watu zaidi ya 200 nchini Kenya, nilimsikia bwana mmoja ndani ya matatu akicheka habari ya mzee wa kwetu aliyekesha jikoni, gunia mabegani, maji yakimpita miguuni, na nyumba ya mwanawe i kavu hatua chache tu juu yake. “Huo ni ukaidi au ni uchawi?” akauliza, na matatu nzima ikacheka. Kisii ikitajwa, uchawi haukosi.

Ni chinsoni, haya ya kwetu, bwana. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata kwa kuchungulia. Baba na mwana hawaogi pamoja mtoni, na mzaha wa mambo ya chumbani haupiti kati yao. Mama mkwe na mkwewe nao wana mipaka yao. Kwa babu na mjukuu haya hiyo hulegea: hao hutaniana mpaka mgeni akaona wamekosa adabu. Kwa hiyo mzee yule hakukataa kuokolewa. Alikuwa akimstahi mkaza mwana aliyelala mle ndani na watoto wake, ili asubuhi aweze kumtazama usoni. Sasa chukua watu wa namna hiyo, vizazi vitatu, uwatandikie magodoro katika darasa moja la shule ya msingi, halafu ushangae wazee wakirudi usiku kwenye nyumba zenye matope.

Kuna na makaburi. Mume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, mke upande wa kushoto, na ardhi hiyo ndiyo wana watakayogawana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii yenyewe ina kilomita za mraba 1,300 na kidogo. Anayesema “hameni” hajatuambia tuhamie wapi, wala tuwaache na nani waliolala pale uani.

 

Lakini ipo desturi iliyokinga mashamba hayo na maji, nayo ndiyo ninayoililia: risaga, kazi ya pamoja ya majirani. Mwenye shamba alipika pombe ya wimbi, akapeleka habari kwa majirani, na alfajiri majembe yakafika. Walijipanga mstari mmoja kukata mteremko, wa kwanza akianzisha wimbo na wa mwisho akihimizwa kwa matusi ya kirafiki. Magugu na mabua hayakuchomwa. Yalilazwa kwa mistari ya kukingama, moja chini ya nyingine, maji yakija yapunguze mbio na udongo ubaki. Mfereji wa maji ulipopita kwa watu watatu, wote watatu waliuchimba siku moja, maana ukizibwa kwa mmoja unabomoka kwa mwingine. Pombe iliyokuwa ikingoja mtungini haikuwa mshahara. Aliyekosa bila sababu alijua kwamba siku yake ya kuita watu atalima peke yake. Egesangio, kikundi kidogo cha kulimiana kwa zamu, bado kipo hapa na pale, hasa kwa akina mama. Risaga imebaki kwenye mazungumzo ya magokoro, yaani bibi zetu. Siku hizi kila mmoja hukodi kibarua wake, na kibarua hachimbi mfereji wa jirani.

Matokeo yake hayaishii kwetu. Mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, hupita Kisii, kisha huingia Migori kwa jina la Kuja na kufurika Nyatike kabla ya kufika Ziwa Victoria. Wajaluo wa Nyatike wanaposema mafuriko yanatoka kwetu, watu wetu hununa. Mimi nimeona rangi ya maji ya Gucha mwezi wa Aprili: ni udongo mwekundu wa mashamba yetu unaosafiri. Hapo wana haki.

Na mabondeni, ambako zamani majirani walichunga pamoja na kuacha majani yanywe maji ya mvua, sasa kumesimama mikaratusi na matanuri ya matofali. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito ing'olewe. Mingine ilikatwa, ikachipua. Maofisa hulaumu ujinga. Lakini mjane mwenye robo ekari anajua vizuri sana kwamba mti ule unakausha kisima. Anajua pia bei ya nguzo, na shule hufunguliwa Januari. Nilipomuuliza mmoja huko Bobasi, alinijibu bila kuacha kuchambua mboga zake za chinsaga: “Mwanangu, kisima hakilipi karo. Waambie hao wanaotaka niukate walete ya muhula mmoja, nitawakatia mimi mwenyewe.”