Simu Mpya, Duara Linazunguka Tu: Mbona Kuingia Mara ya Kwanza Kunachukua Muda?

Umenunua simu mpya Kitale, ukaweka laini yako na programu yetu. Asubuhi uko soko la Chwele, mama wa vitunguu anangoja pesa yake, na kwenye skrini duara linazunguka tu. Shida iko wapi?

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Simu hiyo bado ni mgeni kwetu. Kabla ya kukuonyesha salio, tunatuma SMS yenye nambari ya uthibitisho kwa laini uliyosajili, tunaiandikisha simu chini ya akaunti yako, kisha programu inapakua mipangilio yako. Hatua hizi ndizo zinazomzuia mwizi aliyechungulia PIN yako asiingie kwa simu yake. Kesho kazi hiyo itakuwa ishafanyika, utaulizwa PIN pekee.

Jaribu hivi

1. Tuliza simu. Siku ya kwanza simu mpya husasisha programu zote na kurudisha picha za WhatsApp kwa wakati mmoja. Fungua Play Store, simamisha hizo kwanza.
2. Zima waifai ya hoteli au ya jirani, utumie bando lako. Waifai inaweza kuonyesha imeshika na haina intaneti.
3. Angalia tarehe na saa. Zikiwa si sahihi, programu inaweza kukataa kuunganisha. Ziweke zijipange zenyewe.
4. Ngoja dakika 2 au 3 kabla ya kubonyeza "Tuma tena". Kila nambari mpya inafuta ya awali. Andika ile ya mwisho kuingia.

Usifute data ya programu

Wengi huambiwa hii ndiyo dawa ya simu nzito. Ukiifuta, unafuta pia ule uandikishaji, na unaanza upya kama mgeni. Ukifuta kila siku, kila siku itakuwa mara ya kwanza. Kama simu imejaa, punguza video.

Na mama wa vitunguu?

Mlipe kwa menyu ya USSD, ile ya kuanza na nyota. Haihitaji intaneti, hata mulika mwizi inaifungua. Programu utaimaliza ukifika nyumbani.

Usikubali haraka ikutie hasarani. Ukiwa umekwama hivyo ndipo mtu mpole hujitokeza: "Leta nikusaidie, mama. PIN ni gani? Na hiyo nambari imeingia kwa SMS?" Akipata vyote viwili, anaweza kuandikisha simu yake kwa akaunti yako, na pesa ikatoka ukiwa bado unamshukuru.

Sisi hatutakuuliza PIN wala nambari hiyo, hata tukikupigia. Wakala pia hana haja nayo. Ikiwa tayari umempa mtu, badilisha PIN sasa hivi, kisha utupigie tufunge akaunti. Usingoje jioni.