Nyumba ya Magurudumu Huanzia kwenye Mzani

Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli juu ya Mai Mahiu, mji wa Bonde la Ufa nchini Kenya, yalilibomoa na kuporomoka hadi kijiji cha Kamuchiri. Watu zaidi ya 40 walikufa. Miaka sita kabla, Machi 2018, mvua ilifukua jivu laini la volkeno na ufa mkubwa ukakata barabara ya kwenda Narok. Mtu wa hapa akitamani nyumba inayohama, haigi mtindo wa ng'ambo. Ana sababu.

Jay Shafer wa Marekani alijenga yake mwaka 1999, ya mita za mraba 9 hivi, na magurudumu yakamsaidia kukwepa sheria zilizokataza nyumba ndogo kiasi hicho. Lakini mfano ninaouheshimu zaidi uko Marsabit. Wanawake wa Kigabra na Kirendille hubomoa nyumba ya miti na mikeka, wakaifunga juu ya ngamia na kuisimamisha upya kambini kwingine. Anachoweza kubeba ngamia ndicho kinachoamua ukubwa wa nyumba. Anayejenga juu ya trela naye aanzie hapo: kwanza kilo, ndipo vyumba.

Tuchukue ukuta mmoja wa urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2.4. Ukiujenga kwa mawe ya unene wa sentimita 15, unapita tani 3. Bati la geji 30 lina kilo mbili hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ukuta uleule wa mabati, fremu ya mbao na plaiwudi kwa ndani hauzidi kilo 250. Tangi la lita 200 likijaa linaongeza kilo 200, na likijaa nusu maji yanacheza ndani trela likiwa mwendoni. Safiri nalo likiwa tupu.

Mai Mahiu, mji wa madereva wa malori, haukosi fundi wa kuchomelea anayejua trela. Shasi mwachie yeye, ila mpango wa ndani ni wako, na hapo ndipo wengi hukosea. Jiko, betri na kitanda vikirundikwa nyuma ya ekseli, mbele pananyanyuka, na kwenye mwendo wa kasi trela huanza kuyumba. Kila myumbo unauzidi uliotangulia, hadi gari linalovuta linashindwa kulidhibiti. Dawa yake ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote kuegemea pale trela linaposhikana na gari. Kwa nyumba ya tani 3 hizo ni kilo 300 hadi 450. Kuzipima ni rahisi: pima trela zima likiwa limefunguliwa kwenye gari, kisha weka magurudumu peke yake juu ya mzani, mbele pakiwa pameegemea nje kwa kimo chake cha kawaida. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo jibu. Pima sakafu na kuta zikikamilika, kabla ya kupigilia kabati hata moja.

Sasa fikiria kuishusha nyumba hiyo kutoka Limuru hadi Mai Mahiu. Kwa kila mita 100 za kimo, nyumba ya tani 3 inaachilia nishati ya kuchemsha lita tisa hivi za maji baridi. Breki zikikanyagwa mfululizo, sehemu kubwa ya joto hilo huishia ndani yake, nazo zikichemka kupita kiasi hulegea. Trela liwe na breki zake, na dereva aingize gia ya chini akiwa bado kileleni, kabla mteremko haujaanza.

Nyumba ikishatulia, baridi ya usiku ya bondeni hupoza bati upesi, na mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka matone darini. Weka kizuia joto chini ya bati, na matundu mawili ya hewa, moja chini na jingine juu.

Magurudumu hayatakuokoa na gharika ya saa nane usiku. Kufunga gesi, kumwaga tangi, kuinua miguu inayoiegemeza nyumba na kutafuta gari la kuvuta ni kazi ya saa nzima au zaidi. Faida yake iko mchana, siku kadhaa kabla: Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa, mwenye nyumba ya mawe hana la kuhamisha ila vyombo. Wewe unaweza kuhamisha nyumba nzima: patana mapema na mwenye lori, kagua upepo wa magurudumu kila mwezi, na uchague mwinuko ulio mbali na mikondo ya maji, hata ile iliyokauka.