Msitu wa Milima ya Udzungwa

Je, wajua kwamba wapo wanyama wanaoishi Tanzania tu, wala hawapatikani penginepo duniani? Baadhi yao wamo katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992. Ina eneo la kilomita za mraba 1,990, katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Wageni huizuru kwa miguu.

Kwa nini wanyama hao wako hapa tu? Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huleta mvuke wa maji. Zikifika milimani hupanda juu na kupoa. Mvuke hugeuka kuwa mawingu, kisha mvua hunyesha. Kwa sababu hiyo msitu umedumu kwa mamilioni ya miaka, hata nchi za chini zilipokauka. Msitu ukawa kama kisiwa. Wanyama wake hawakuweza kuvuka nyika kavu, na vizazi vyao vikabadilika polepole hadi vikawa tofauti na jamaa zao wa mbali.

Hebu tuwatazame watatu:

1. Mbega mwekundu wa Udzungwa. Chakula chake kikubwa ni majani. Tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huyalainisha majani hayo. Kidole gumba chake ni kidogo mno. Vidole vinne vilivyobaki hushika matawi kama kulabu.

2. Ng'olaga wa Sanje. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, ingawa wenyeji walimfahamu tangu zamani. Hutafuta chakula chake zaidi chini ya miti, na meno yake yenye nguvu huvunja mbegu ngumu.

3. Sange mwenye uso wa kijivu. Alielezwa na wanasayansi mwaka 2008. Uzito wake ni gramu 700 hivi. Kwa pua yake ndefu hutafuta wadudu katika majani makavu.

Msitu huwafaa wanadamu pia. Majani makavu na mizizi huzuia maji ya mvua yasikimbie juu ya ardhi. Maji huingia udongoni, kisha hutoka kidogo kidogo katika chemchemi. Mito hutelemka, mmojawapo ukipita katika maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170 hivi, hadi bonde la Kilombero, ambako watu hulima mpunga na miwa.

Hadi mwaka 2011 wanavijiji wa jirani waliruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini. Ruhusa hiyo iliondolewa ili kuulinda msitu. Lakini chakula hakina budi kupikwa. Hivyo yafaa kupanda miti ya kuni mashambani na kutumia majiko yasiyokula kuni nyingi. Msitu ukitoweka, chemchemi zitapungua, na ng'olaga hatakuwa na kwao kwingine.

Jaribio
Chukua makopo mawili yenye matundu chini. Yajaze udongo. Funika udongo wa kopo moja kwa majani makavu. Yainamishe kidogo, kisha mwagia kila moja kikombe kimoja cha maji. Ni kopo lipi linalomwaga udongo mwingi zaidi?

Maswali
1. Kwa nini mvua hunyesha sana milimani?
2. Mbega mwekundu huwezaje kuishi kwa kula majani?
3. Taja njia mbili za kupunguza ukataji wa miti kijijini kwenu.