Je, Wajua? Mtaa Huchezwa Kabla ya Kujengwa

Je, wajua kwamba Umoja wa Mataifa hupanga viwanja na mitaa kwa mchezo wa kompyuta? Mwaka 2012, UN-Habitat, shirika la makazi lenye makao makuu Gigiri, Nairobi, lilishirikiana na Mojang, kampuni ya Sweden iliyobuni mchezo huo, Minecraft. Mpango huo unaitwa Block by Block.

Wajua ulianza kujaribiwa wapi? Hapo hapo Nairobi: uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera.

Je, wajua kwa nini Minecraft? Tofali lake moja huhesabiwa mita moja kila upande. Ukitaka ukuta wa mita tatu, panga matofali matatu, umemaliza. Michoro ya wahandisi huwashinda wengi kuisoma, lakini hili hata mtoto analiweza. Wakazi hukaa wachache wachache kwenye kompyuta moja: kijana ameshika kipanya, mama anamwelekeza, taa iwe hapa, benchi pale, mfereji upite nyuma. Yule asiyefungua mdomo kwenye mkutano wa hadhara, hapa anasikika. Kwangu mimi, faida kubwa kuliko zote ni hiyo.

Wajua kwamba huko Les Cayes, Haiti, hata wavuvi walishiriki kubuni ufukwe wao kwa njia hii? Na huko Hanoi, Vietnam, wasichana wa shule waliutumia mchezo huo kuonyesha sehemu wanazoogopa kupita na mahali panapohitaji taa.

Mtaa huchezwa hata baada ya kujengwa: je, wajua kwamba nguzo ya taa iliwahi kujibu meseji? Mwaka 2013 mjini Bristol, Uingereza, mpita njia alituma namba iliyoandikwa kwenye nguzo au sanduku la posta, nacho kifaa kikamuuliza maswali kuhusu mji wake. Mradi uliitwa Hello Lamp Post.

Mwaka uliofuata, mji huo huo ulipata taa za barabarani zenye kamera, zilizonasa kivuli cha aliyepita na kumwonyesha anayefuata. Watu walicheza na vivuli vya wasiowajua, huku wakiona kwa macho yao kwamba taa inaweza kukutazama na kukukumbuka.

Basi msomaji, wakija kufunga kamera mtaani kwenu, wahi kuuliza ofisi ya mtaa: picha zitatunzwa wapi, kwa muda gani, na nani ataziona?