Trekta Kukataa Kuwaka Asubuhi ya Baridi

Katika nchi ya Ugogo, Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kipupwe. Ndiyo pia miezi ya kupukuchua mahindi na kuyapeleka sokoni Kibaigwa. Matrekta mengi ya kazi hiyo ni ya zamani, mathalan yale ya Massey Ferguson yenye injini za Perkins, yaliyoundwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Wenye matrekta hayo hulalamika neno moja: jioni trekta lafanya kazi vizuri, alfajiri lakataa kuwaka. Lawama yote hutupiwa baridi. Yafaa tuchungue kama lawama hiyo ni ya haki.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama injini ya petroli. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu mwaka 1897, alitumia joto la hewa iliyobanwa. Kila aliyejaza upepo tairi ya baiskeli ajua ya kuwa pampu hupata moto mkononi. Ndivyo ilivyo ndani ya silinda: pistoni hupanda na kuibana hewa mpaka ibaki kama sehemu moja katika 16, nayo hupata joto la kupita digrii 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe.

Basi injini yataka mambo matatu: izungushwe upesi, ipate dizeli safi, na hewa ibanwe pasipo kuvuja. Baridi huyapinga mambo hayo, kwa kuwa oili huwa nzito, betri hupungua nguvu, na chuma baridi hunyonya joto la hewa. Walakini baridi ya Dodoma si baridi ya Ulaya. Huko dizeli yaweza kuganda mfano wa mafuta ya nazi. Hapa petu hata alfajiri ya Julai kwa kawaida hupita digrii 10. Trekta lenye afya huwaka katika baridi hiyo. Likikataa, lina ugonjwa uliokuwa umefichwa na joto la mchana, na baridi imeutoa nje tu.

Ugonjwa huo hujulikana kwa kusikiliza stata na kutazama moshi.

Kwanza, stata ikizunguka polepole, anza kwa betri. Ondoa ule unga mweupe kwenye vichwa vyake, ukaze nyaya, na hasa ule uliofungwa kwenye mwili wa trekta, kwa maana kutu ya hapo huzuia umeme. Usilete sigara wala kibatari karibu, kwani betri hutoa gesi iwezayo kulipuka. Ukiona betri na nyaya ni nzima, tazama oili. Oili nzito kupita ile iliyoandikwa katika kitabu cha trekta huwa kama asali wakati wa alfajiri, nayo huikaba injini.

Pili, stata ikizunguka upesi na moshi usionekane kabisa, dizeli haifiki. Tazama kama kizibo cha kuzimia injini kimerudishwa, na kama bomba la tangi limefunguliwa. Kisha toa maji katika chujio. Dizeli ikikaa katika pipa au tangi lililojaa nusu, unyevu wa hewa hugeuka maji usiku; kwa hiyo yafaa kujaza tangi jioni, wala tusivute dizeli ya chini kabisa ya pipa. Kama hewa imeingia, legeza skrubu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, ukaze. Halafu fanya vivyo kwenye pampu kubwa. Usiweke kidole mbele ya nozeli, kwa maana dizeli yenye kani hutoboa ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbilia hospitali.

Tatu, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli ukitoka na injini isiwake, dizeli yafika lakini joto halitoshi. Katika injini nyingi za Perkins kuna kifaa kidogo kwenye njia ya hewa, ambacho huchoma matone ya dizeli ili hewa iingie na joto. Ufunguo hupelekwa kwanza kwenye alama H, ukashikwa hapo sekunde 15 hadi 20, ndipo ukapelekwa HS. Mara nyingi kifaa hicho kimekufa au waya wake umekatwa, na mwenye trekta hana habari. Kama ni kizima na moshi mweupe waendelea, fundi na apime nozeli na mbano wa silinda. Trekta likitoa moshi mwingi penye kifuniko cha oili, tena likila oili, ringi zimekwisha.

Na ringi huliwa na nini? Huliwa na vumbi. Chujio la hewa lisiposafishwa, na oili yake isipobadilishwa, vumbi huingia na kusaga silinda kama jiwe la kusagia. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga huko Kongwa kwa matrekta, na mengi yake yalikuwa yamekwisha kutumika. Ardhi ilikuwa ngumu, mafundi na vipuri vilikuwa haba, nayo yaliharibika upesi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Kwa hiyo mhalifu ni vumbi la Oktoba, na baridi ya Julai ni shahidi wake.

Sasa twataja desturi za kuachwa. Wako wawashao moto chini ya injini; wameunguza matrekta. Wako wapulizao etha katika njia ya hewa. Ikikutana na kile kifaa cha moto hulipuka, na hata pasipo hicho yaweza kuvunja ringi na pistoni. Mbaya kupita zote ni kuunganisha vyuma vya stata kwa bisibisi, mtu akiwa amesimama chini mbele ya gurudumu kubwa. Trekta likiwa katika gia huwaka na kuondoka mara moja, na gurudumu humkanyaga. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Trekta liwashwe na mtu aliyeketi kitini, gia ikiwa huru. Nako kuliegesha mlimani ili lisukumwe asubuhi ni kuficha ugonjwa tu.

Likikwisha kuwaka, liache lingurume taratibu dakika chache kabla ya kazi, oili ipate kufika kila mahali.

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, nazo huanza karibu na Desemba. Mwenye shamba ana majuma machache ya kulima na kupanda, na trekta lililolala siku 10 kwa fundi laweza kumpotezea mavuno ya mwaka. Basi likikataa kuwaka mwezi wa Julai, lipelekwe kwa fundi sasa, wakati vipuri vyaweza kutafutwa pasipo haraka na fedha ya alizeti ingali mkononi.